Ekisi Sitini na Moja

Garissa nzima hakukuwa na karani aliyechapa kwa kasi kama Abdiqani Rage, na kama ulikuwa hulijui hilo, angekuambia mwenyewe kabla hujamaliza kumwamkia. Alianza na taipureta mwaka wa 1976, akiwa kijana mwenye nywele tele. Sasa ilikuwa Februari 1999, nywele zimemtoka, vidole ni vile vile, na mbele yake palikuwa na kompyuta ya mradi wa mifugo, ya pekee mtaa ule iliyounganishwa na simu. Ukitaka kutuma barua Nairobi, modemu ililia kama mbuzi aliyeshikwa mguu, kisha ikanyamaza, naye Abdiqani akainua kidole na kutangaza, "Imefika!" Watu walitoka ofisini mwake wakisema mashallah.

Alikuwa na kanuni moja ya kazi, nayo aliishika kuliko ratiba ya chai: karani hodari haulizi. Kilichoandikwa kinachapwa kilivyo, na kilichofutwa kinaachwa. Kuuliza ni kwa vijana wa juzi waliosomea kompyuta miezi mitatu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa makarani, au ndivyo alivyoona Abdiqani.

Basi Jumatatu moja asubuhi akaingia Idman, binti wa dada yake, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana. Alikuwa amekumbatia daftari nene lenye jalada la buluu.

"Abti, hujambo?"

"Sijambo, abti. Keti."

Kwa desturi ya kwao mjomba na mpwa huitana neno hilo hilo moja, abti, kwa hiyo mgeni akiwasikiliza hajui mkubwa ni nani. Idman akaketi, akaeleza shida yake. Alikuwa amejiunga na kundi la wataalamu wa lugha waliotawanyika dunia nzima, wengine Nairobi, wengine Jibuti, wengine Sweden huko kwenye baridi, walioandikiana kila siku kwa kompyuta. Walikuwa wakijenga ghala la maneno kwenye mtandao, la bure, ambalo mwanafunzi yeyote angeweza kulifungua na kusoma. Kila eneo lilipewa safu yake. Safu ya Garissa na Mandera ilikuwa tupu, na kuijaza ilikuwa juu ya Idman peke yake.

"Likizo nzima nimezunguka," akasema. "Elwak, Kutulo, Rhamu. Nimeketi na kina mama jikoni na kina mzee visimani. Nina maneno mia tatu na kumi na mbili ya Kisomali cha kwetu, kila moja na maana yake kwa Kiswahili. Wanataka yasipungue mia tatu, kabla ya saa sita mchana Jumamosi hii. Yakipungua, safu yetu inafutwa, na maneno yetu yanawekwa chini ya safu ya wengine, kama maelezo ya pembeni."

"Sisi? Pembeni?" Abdiqani akakunja mikono ya shati. "Lete hapa."

Akachapa siku ile kuanzia saa tatu hadi alasiri. Idman alikuwa na mwandiko wa walimu, herufi kubwa zilizoachana, ili hata wa dawati la nyuma aone. Ila Abdiqani akagundua kwamba mpwa wake alifanya makosa mengi. Kila ukurasa ulikuwa na maneno matatu manne yaliyotiwa ekisi mwanzoni. Kulikuwa na ekisi, kisha *oolo*, maana yake mifugo. Ekisi, kisha *ero*, maana yake zizi. Akayatamka polepole kwa midomo: oolo, ero. Wallahi, hakuna Msomali asemaye oolo. Ndiyo maana yametiwa ekisi, akawaza, na akayaruka. Alipofika kwenye ekisi, kisha *aabo*, maana yake kuni, alicheka peke yake. Aabo ni baba! Tangu lini baba akawa kuni? Lililofuata lilikuwa ekisi, kisha *aas*, maana yake familia, na hapo akatikisa kichwa kabisa, kwa sababu aas ni maziko. Msichana huyu amefanya vizuri kukosoa.

Kwingine ekisi ilikaa katikati au mwishoni, na hapo akaelewa kwamba ni herufi moja tu iliyokosolewa. Basi *madax*, kichwa, akakichapa *mada*. *Libaax*, simba, akawa *libaa*. Neno *caano*, maziwa, alilisoma "chaano", likamshangaza kidogo, lakini halikuwa na ekisi, kwa hiyo akalichapa kama lilivyo. Modemu ikalia, ikanyamaza, na kidole kikainuka.

Msomaji usimcheke upesi. Abdiqani alizungumza Kisomali tangu alipojua kulia njaa, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kukisoma. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani alisoma herufi za Kiarabu. Shuleni alisoma Kiingereza na Kiswahili, na ekisi ya kalamu nyekundu aliijua sana, kwa kuwa hesabu hakuipenda. Kisomali kilikuwa cha nyumbani, cha sokoni na cha kumfokea ngamia. Herufi zake zilipopangwa ng'ambo ya mpaka mwaka wa 1972, yeye alikuwa kidato cha pili Garissa, na habari hiyo haikumfikia darasani. Idman alizijua kwa sababu alifundishwa na Maalim Keynan, mwalimu aliyekimbia vita akaja kuishi mtaani kwao.

Jumanne saa nne Idman akarudi, na uso wake haukuwa ule wa jana. Mkononi alikuwa na jibu la msimamizi wa ghala, ambaye alikuwa mhadhiri kule Nairobi.

"Abti, wamepata maneno mia mbili hamsini na moja. Sitini na moja hayapo! Tazama, hakuna *xoolo*. Hakuna *xero*. *Xaabo* haipo. Hata *xishood* haipo, haya yenyewe imepotea!"

Alikuwa akiyasoma kutoka kwenye daftari, na kila lilipofika lile neno lililotiwa ekisi, kooni mwake ilitoka ile h nzito, ile ile ambayo Abdiqani aliitumia kuitia mifugo na kuombea kuni kwa mkewe. Ekisi ilikuwa na sauti. Ilikuwa herufi. Abdiqani akahisi jasho likimteremka mgongoni, na feni ilikuwa inazunguka.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka kikawa kingine.

"Modemu," akasema. "Imeyala."

"Imeyala?"

"Hii mashine, abti, wewe huijui. Kuna herufi haizipendi. Hiyo ekisi inaikwama kooni."

Idman, maskini, mwenye kumwamini mjomba wake tangu alipombeba mgongoni, akaamini. Tena alikuwa mtu wa kazi, hakukaa. Alimwomba kiti, na kwa vidole viwili akawaandikia wataalamu wote wa kundi, kutoka Nairobi hadi Sweden, kwamba mtambo wa Garissa una ugonjwa wa kula herufi x, na je, kuna anayejua dawa? Modemu ikalia na kunyamaza. Safari hii hakuna aliyeinua kidole.

Jumatano ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, na mji ulijaa vumbi na ng'ombe. Saa tano simu ya ofisini ikalia. Alikuwa msimamizi mwenyewe, na Abdiqani akalazimika kumjibu kwa Kiswahili chake cha mnadani, kile cha Wasomali wengi, ambamo p huwa b na v huwa f.

"Bole sana, bwana," akasema. "Huku tumebata shida kidogo. Nafikiri ni fumbi."

"Fumbi?"

"Fumbi. Ile ya barabarani. Imeingia ndani ya mashine."

"Vumbi gani hilo, mzee, linalochagua herufi?"

"Fumbi ya huku si ya kawaida," Abdiqani akasema, akaaga haraka, akafuta paji la uso kwa leso.

Alipofungua kompyuta, alikuta barua arobaini na tatu. Wanazuoni wana sifa moja: ukiwapa tatizo dogo, watalilea mpaka liote ndevu. Mtaalamu wa Sweden alikuwa ameandika kurasa tatu kuhusu namna herufi zinavyosafiri katika nyaya za simu. Mmoja wa Jibuti alimpinga kwa kurasa nne. Wa tatu alipendekeza kwamba, kwa kuwa Garissa haipitishi x, ghala zima libadilishwe, maeneo yote, na badala ya x iwekwe tarakimu ya saba. Mifugo ya Wasomali wote duniani iandikwe *7oolo*. Kulikuwa na kura. Watu kumi na wanane walikuwa wamekwisha kukubali.

Na chini kabisa kulikuwa na barua fupi ya msimamizi: *Maadamu mtambo wa Garissa una hitilafu isiyoeleweka, napendekeza safu yao isubiri mwaka ujao, hata kama maneno yatatimia. Hatuwezi kuamini kinachotoka huko.*

Idman aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti. Akalifunga daftari lake, akalipangusa jalada kwa kiganja, na machozi yakamtoka kimya kimya. "Bibi mmoja wa Kutulo alinishika mkono," akasema mwishowe. "Akaniuliza, maneno yangu utayapeleka wapi? Nikamwambia, mahali ambapo hayatapotea. Mwaka ujao sijui kama nitamkuta."

Akaenda zake kufundisha. Abdiqani akabaki na modemu aliyoisingizia.

Nyumbani mchana hakula. Mkewe Faduma, aliyemjua kwa miaka ishirini na mbili, akausogeza wali karibu, halafu akausogeza mbali, halafu akauliza nani amekufa. Abdiqani akamweleza yote, tangu oolo mpaka saba. Faduma akaanza kwa kusikitika. Lakini ilipofika kwamba xaas, yaani mke na watoto, aliiona kuwa kosa akairuka, na hali mke mwenyewe ndiye huyu aliyempikia, hakuweza tena. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini na kushika mbavu.

"Miaka yote hii ninangoja uniache," akasema, "kumbe umeniacha Jumatatu kwa kompyuta!"

"Faduma, hili si la kucheka."

"La kucheka lipo, na la kulia lipo. La kulia ni la mtoto wa dada yako." Akajipangusa macho kwa shela. "Wewe unaogopa watu wajue hujui herufi moja. Yeye atapoteza jasho la likizo nzima. Pima mwenyewe. Na njia ya mwongo ni fupi, baba watoto, hiyo yako imefika ukutani."

Alipima usiku wote wala hakuona pa kutokea. Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa kwenye kiti chake kabla ya mfagiaji. Makorongo walikuwa wamepanga foleni juu ya paa la ofisi, na mmoja alimwangalia kupitia dirishani kwa namna ambayo hakuipenda. Yule aliyechapa barua za maafisa wanane na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudishia karatasi, akaanza kuandika na kufuta, kuandika na kufuta. Barua iliyotoka ilikuwa hivi:

*Kwa wataalamu wote wa ghala. Modemu ya Garissa ni nzima. Vumbi halina hatia. Aliyekula maneno sitini na moja ni mimi, Abdiqani Rage, karani, miaka ishirini na tatu kazini. Niliona x nikadhani mwalimu amekosoa. Lugha hii nimezaliwa nayo, lakini sijawahi kufundishwa kuisoma. Niliona aibu kumuuliza mpwa wangu, kisha nikaona aibu kusema kweli. Msibadilishe herufi za watu kwa ajili yangu. Msimwadhibu Idman. Yeye aliandika sawa.*

Akaituma. Halafu akatembea hadi shuleni, akasimama nje ya darasa lililokuwa likitaja ngeli kwa sauti, akamwita Idman uani na kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe. Hilo lilikuwa gumu kuliko barua.

"Abti," akasema, "ulidhani mimi, Idman, ningeandika kwamba baba ni kuni?"

"Nilidhani ndiyo maana umekosoa."

Akakasirika kweli, na alikuwa na haki. Alimwambia maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba, tena mbele ya dirisha la kidato cha tatu. Kisha akakumbuka *libaa*, simba aliyekatwa mkia, akajaribu kuzuia, akashindwa. Wakacheka wote wawili pale uani, na wasichana wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Walirudi ofisini pamoja wakitegemea matusi. Barua zilikuwa ishirini na sita. Ya kwanza ilikuwa ya msimamizi: *Nimecheka hadi katibu wangu amekuja kuniangalia. Kura imefutwa. Saa sita ya Jumamosi ni ile ile, tumeni.* Lakini zilizofuata hazikuwa za kicheko. Mwanamke mmoja aliyezaliwa Wajir, mhadhiri huko Kanada, aliandika kwamba alijifunza kuisoma lugha ya mama yake akiwa na miaka arobaini, kwa kitabu cha mgeni, akijificha ili watoto wake wasimwone. Mwingine, mtoto wa wafugaji wa upande wa Turkana, aliandika maneno mawili tu: *Mimi bado.* Na msimamizi akarudi tena, kwa barua ndefu kidogo: *Mzee Abdiqani, nimeandika makala juu ya lugha kumi na moja. Bibi yangu alikufa na sikuwahi kumwandikia hata mstari mmoja katika lugha yake. Sikujua ningeanzia wapi.*

Abdiqani akaisoma barua ile mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Haye," Idman akasema, akifungua daftari. "Nitakusomea, wewe chapa. Kwa kasi yako tutamaliza kabla ya adhuhuri."

"La. Usinisomee. Nifundishe."

"Abti, tuna siku mbili!"

"Basi anza sasa."

Ndivyo karani mwenye kasi kuliko wote Garissa alivyochapa neno moja kwa dakika tatu. Ekisi ni ile h ya kooni, Idman akamwambia, na c ni ile sauti ya kubanwa, ile inayoanzia jina la Ali. Abdiqani akarudi kwenye chaano, na tazama, ni maziwa! Yalikuwa pale muda wote. Akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama walivyofanya chuoni walipokuwa wakishika mbao za Kurani. Alipopata *xero* aligonga meza kwa furaha. *Xarig*, kamba. *Xiddig*, nyota. *Xidid*, mzizi. Kichwa akakirudishia herufi yake, na simba mkia wake. Ijumaa walianza alfajiri, wakasimama kwa sala, wakarudi. Faduma alileta chai ya maziwa kwenye chupa na kuomba kuonyeshwa xaas iko wapi. Aliangalia kioo cha kompyuta akakubali kwamba amerejewa.

Jumamosi saa tano na robo neno la mwisho la daftari liliingia. Idman, aliyekuwa amechoka hata kope, akaenda uani kunawa uso. Abdiqani akaonekana akichapa kidogo tena, kwa kidole kimoja. Modemu ikalia, ikakata. Ikalia tena, ikakata tena. Mara ya tatu Abdiqani aliiwekea mkono mgongoni, akaisemesha kwa upole, kwa kuwa alikuwa na deni la kuomba radhi, nayo ikalia mpaka mwisho na kunyamaza. Saa tano na dakika arobaini na mbili.

Wakangoja. Idman alitafuna ncha ya shela. Saa sita kasoro dakika tano jibu likaja, naye akalisoma kwa sauti.

"*Yamefika maneno mia tatu na kumi na tatu. Safu ya Garissa na Mandera imefunguliwa. Hongereni.*" Akaruka, akapiga vigelegele, kisha akasimama ghafla. "Na kumi na tatu? Abti, daftari langu lina kumi na mbili. Umefanya nini tena?"

"Tazama mwisho."

Akateremka hadi chini kabisa ya orodha. Palikuwa na neno *xoor*, na mbele yake: povu la juu ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

"Hili sikuliandika mimi."

"Nimeliandika mimi. Mama yangu kule Rhamu, akikamua, alinipa lile povu kwanza, kabla ya mtu yeyote. Alikuwa akiniita kwa neno hilo, nami nakuja mbio." Akakohoa. "Nimelipata sawa?"

"Umelipata sawa, abti."

Akaiamuru mashine itoe ukurasa ule kwenye karatasi. Ukatoka polepole, mstari kwa mstari, naye akaukunja mara mbili na kuutia mfuko wa shati. Miaka ishirini na tatu alikuwa amechapa barua za serikali, za miradi, za mahakama na za maombi ya visima, na hii ilikuwa karatasi ya kwanza ambayo mama yake angeielewa. Kusoma mama hakujua. Idi ilikuwa wiki ya tano kutoka siku hiyo, na Abdiqani akasema atakwenda Rhamu mwenyewe, akae naye chini, amsomee.